Maji Yanayoonesha Sakafu: Mwongozo wa Kutunza Bwawa la Kuogelea la Nyumbani

Maswali ninayoletewa hayabadiliki. "Fundi, maji yamekuwa ya kijani, nitie nini?" "Klorini imezidi, watoto wametoka macho mekundu, nifanyeje?" "Nimemwaga dawa kilo nzima na bado sioni chini." Nami swali langu la kwanza halibadiliki vilevile: bwawa lako linachukua lita ngapi? Hapo simu hunyamaza kidogo, halafu nasikia, "Ni la kawaida tu, si kubwa sana."

Hapo ndipo penye shida. Watu hutia dawa kwa macho, kama chumvi kwenye mchuzi. Lakini anayepika kwa macho huonja. Bwawa huwezi kulionja. Ukijua lita zako, ukawa na kipimo cha maji na mizani ndogo, kazi iliyobaki ni ya dakika ishirini kwa siku na saa mbili hivi mwisho wa wiki.

Mwongozo huu ni wa bwawa dogo la nyumbani lililojengwa kwa zege na vigae, lenye filta ya mchanga, kwenye joto la pwani. Mimi nimeyazoea ya Dar es Salaam, hasa Mbezi na Kigamboni, ila Mombasa, Tanga na Unguja mambo ni hayo hayo. Kama uko Arusha au Nairobi, fuata hatua hizi hizi. Wewe una bahati kwamba baridi huchelewesha mwani.

Kusanya hivi kwanza

- Wavu wa kuopolea majani, brashi ya nailoni, kichwa cha vakyumu na mpira wake mrefu, na fimbo ya aluminiamu inayorefuka. Brashi ya waya iache, inakwangua vigae na grauti, ile saruji ya kati ya vigae.
- Kipimo cha maji kinachopima klorini na pH, yaani kiasi cha uasidi wa maji. Vile vya matone yanayogeuka njano ni rahisi, lakini vinahesabu hata klorini iliyokwisha kutumika. Ukiweza, nunua vya vidonge vya DPD vinavyogeuka pinki: kidonge namba 1 kinakuonesha klorini iliyo tayari kufanya kazi, namba 3 kinakuonesha jumla.
- Klorini ya unga au chenga, ile ya asilimia 65 hadi 70. Soma ndoo. Kama hapajaandikwa asilimia, usinunue.
- Asidi ya kushusha pH, ile ya haidrokloriki.
- Soda ash ya kupandisha pH. Ni ndugu wa magadi, na nyingine hutoka Ziwa Magadi kule Kenya, ila usichukue magadi ya sokoni ya kulainishia maharage. Yana udongo na utajitafutia kazi ya pili.
- Baking soda ya kawaida, kwa jambo nitakalolieleza mbele.
- Shabu, ya kutuliza maji yaliyochafuka.
- Mizani ya jikoni (ambayo haitarudi jikoni tena), ndoo mbili za plastiki, glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.
- Daftari. Lile la shule la kurasa 48 linatosha mwaka.

Kabla hujafungua ndoo yoyote, mambo matatu ambayo sina mzaha nayo. Klorini na asidi zisikutane kamwe, iwe kwenye ndoo, kikombe au rafu: zikichanganyika hutoa gesi inayoua. Klorini ya unga na vidonge vyeupe vya klorini, vile vikubwa vya kuyeyuka taratibu, navyo visichanganywe, kwa sababu vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Kila kimoja na kikombe chake kikavu. Na siku zote ni dawa ndani ya maji, si maji juu ya dawa. Ndoo iwe na maji kwanza, ndipo umimine.

Hatua ya 1: Jua lita zako

Pima urefu na upana kwa mita. Kwa kina, pima upande mfupi na upande mrefu, jumlisha, gawa kwa mbili. Zidisha vyote vitatu, kisha mara 1,000.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho: bwawa la mita 8 kwa 4, upande wa watoto mita 1, upande wa kina mita 2. Wastani wa kina ni mita 1.5. Basi 8 × 4 × 1.5 ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Karibu maboza matano ya lita elfu kumi kumi. Andika namba yako ukurasa wa kwanza wa daftari, na uiandike tena kwa rangi ukutani kwenye chumba cha pampu, maana daftari hupotea.

Hatua ya 2: Opoa na safisha vikapu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, pitisha wavu juu ya maji. Majani ya mwarobaini, maua ya bogenvilia na wadudu waliokufa usiku huelea kwa saa chache tu, halafu huzama. Likiwa juu, jani ni kazi ya sekunde mbili. Likizama, linaoza, linakula klorini yako na kuacha doa la kahawia kwenye vigae.

Kisha fungua skima, lile dirisha dogo ukutani linalovuta maji ya juu, utoe kikapu na kukikung'uta. Mara mbili kwa wiki fungua na kikapu cha kwenye pampu, pampu ikiwa imezimwa. Ukikirudisha, jaza maji kwenye chungu cha pampu kabla ya kufunika, la sivyo itashika hewa na kuunguruma bure.

Wa Dar tuna mgeni wa ziada: kunguru. Huja na mfupa au kipande cha chapati kavu, anakiloweka pembeni mwa bwawa, anakula nusu na nusu anaiacha ndani. Sijapata dawa yake. Funika pipa la taka tu, atapunguza safari. Wakati wa masika wanakuja vyura nao. Weka ubao mmoja uliolala kutoka majini hadi ukingoni, watatoka wenyewe badala ya kufia kwenye skima.

Hatua ya 3: Piga brashi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta simu nyingi za "maji ya kijani". Mwani hauanzi majini. Huanza ukutani, kama utelezi mwembamba ambao macho hayauoni lakini kiganja kinauhisi. Pitisha mkono kwenye pembe ya ngazi, nyuma ya kishikio, chini ya taa. Pakiteleza kama bamia, mwani umeshaingia hata kama maji yanang'aa.

Piga brashi kuta zote angalau mara moja kwa wiki, wakati wa joto kali la Desemba hadi Machi mara mbili. Anza upande wa maji mafupi, sukuma kutoka juu kwenda chini, elekea upande wa kina. Mkazo uwe kwenye mistari ya grauti na kwenye pembe ambako maji hayazunguki.

Hatua ya 4: Nyonya sakafu

Subiri saa moja au mbili baada ya brashi, uchafu utue. Halafu:

1. Funga kichwa cha vakyumu kwenye fimbo, unganisha mpira, shusha taratibu mpaka kikae sakafuni.
2. Chukua ncha nyingine ya mpira, ibane kwenye tundu ambalo maji safi yanarudi bwawani. Utaona mapovu yakipanda kutoka kwenye kichwa kule chini. Yakikoma, mpira umejaa maji.
3. Ziba ncha kwa kiganja, ipeleke skima bila kuitoa majini, uichomeke kwenye tundu la kuvuta.
4. Sukuma kichwa polepole, mistari inayopishana kidogo, kama unayepiga deki.

Makosa ya wengi ni haraka. Ukisukuma kwa nguvu, vumbi linapanda kama moshi na unarudi mwanzo kesho. Na kama kuna tope zito au mwani uliokufa, usiupitishe kwenye filta: zima pampu, geuza valvu ya filta hadi palipoandikwa WASTE, washa, unyonye moja kwa moja kwenda nje. Utapoteza maji, ndiyo. Kwenye bwawa letu la mfano sentimita moja ni lita 320, kwa hiyo jaza zaidi kabla ya kuanza.

Hatua ya 5: Osha filta, lakini si kila siku

Juu ya filta kuna geji ya presha. Filta ikiwa imetoka kuoshwa, soma namba yake na uiandike kwenye daftari. Hiyo ndiyo namba yako ya usafi. Kila bwawa lina ya kwake. Siku sindano itakapopanda psi 8 hadi 10 juu ya hapo, osha. Utaratibu ni huu:

1. Zima pampu. Narudia: zima pampu.
2. Bonyeza mkono wa valvu chini, ugeuze mpaka BACKWASH.
3. Washa, kisha simama kwenye kile kioo kidogo cha pembeni. Kwanza maji yatapita rangi ya chai ya maziwa, kisha chai ya rangi, kisha yataanza kuonekana kama maji. Ni dakika mbili au tatu.
4. Zima. Geuza RINSE. Washa kwa sekunde 30 hadi dakika moja, mchanga ulale vizuri.
5. Zima. Rudisha FILTER. Washa, soma geji, andika.

Anayegeuza mkono pampu ikizunguka huchana ile gasketi ya ndani yenye umbo la gurudumu la baiskeli. Haitapiga kelele. Utagundua wiki mbili baadaye maji yakivuja kwenye bomba la taka usiku na mchana na bili ikipanda bila sababu.

Nyumba moja niliitwa maji yana ukungu mwezi wa pili mfululizo. Klorini sawa, pH sawa, mchanga mpya. Nikakaa na kijana anayelitunza, nikamwomba anioneshe siku yake ilivyo. Alikuwa anaosha filta kila asubuhi, kwa bidii, kwa kuwa alifurahi kuona maji machafu yakitoka. Sasa, mchanga ulio msafi kabisa huchuja vibaya. Uchafu kidogo uliobaki katikati ya chembe ndio unaonasa vumbi jembamba. Tulimwambia aache mpaka geji ipande. Siku nne baadaye sarafu ya shilingi mia ilionekana sakafuni upande wa kina. Sikutia dawa yoyote.

Mchanga wenyewe hubadilishwa baada ya miaka mitano hadi saba. Uwe mchanga maalumu wa filta, wenye chembe za nusu milimita hivi. Wa ufukweni una chumvi na vipande vya simbi, na saizi zake hazilingani.

Hatua ya 6: Endesha pampu saa za kutosha

Maji yasiyozunguka hakuna dawa inayoyaokoa. Angalia kibati cha pampu, kimeandikwa inasukuma mita ngapi za ujazo kwa saa. Kama ni 8, bwawa letu la 48 linazunguka mara moja kwa saa 6. Kwa joto la pwani nakwenda saa 8, na bwawa likiwa limetumiwa na watoto wengi, 10.

Najua unachowaza: LUKU, umeme wa kulipia kabla. Pampu ya kilowati 0.75 kwa saa 8 inakula yuniti 6 kwa siku. Unaweza kugawa, muda wa saa nne asubuhi na muda wa saa nne jioni, haina neno. Usikate ziwe saa 2. Utakachookoa kwenye umeme utakilipa dukani kwenye klorini. Umeme ukikatika siku nzima, tia klorini jioni kwa kumwagia pembeni pande zote, uchanganye kwa brashi, na ukirudi acha pampu iende usiku.

Hatua ya 7: Pima

Pima klorini na pH kila siku kwa mwezi wa kwanza, baadaye mara tatu kwa wiki. Chota maji kina cha kiwiko, mbali na tundu la maji yanayorudi. Shika kipimo kwenye mwanga wa mchana ukiwa umelipa jua mgongo; taa ya umeme hudanganya rangi.

Unachotafuta:

- Klorini huru, ile iliyo tayari kufanya kazi: 1 hadi 3 (miligramu kwa lita, ndiyo ile ppm ya kwenye kipimo)
- pH: 7.2 hadi 7.6
- Alkalini, inayoizuia pH isirukeruke: 80 hadi 120, mara moja kwa mwezi inatosha
- Kikinga jua, yaani asidi ya sayanuriki: 30 hadi 50, mara moja kwa miezi miwili

Tahadhari moja ya DPD: klorini ikizidi sana, rangi ya pinki hutokea na kufutika palepale, kipimo kinaonekana cheupe kana kwamba hakuna kitu. Wengi hapo huongeza nyingine. Ukipata nyeupe na una shaka, changanya kikombe kimoja cha maji ya bwawa na vinne vya maji ya kunywa ya chupa, pima tena, zidisha jibu kwa tano.

Hatua ya 8: Rekebisha pH kwanza

Nadharia ni hii moja tu, na nitakuwa mfupi. pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini yako ina makali. Ikifika 8, kilichobaki na makali ni kama robo tu. Ndiyo maana mtu anamwaga kilo nzima na mwani unamcheka.

Imepanda juu ya 7.6? Kwa bwawa la lita 48,000 anza na mililita 300 za asidi. Ndoo iwe na lita 8 za maji, mimina asidi ndani yake taratibu, miwani usoni, upepo ukiwa mgongoni kwako. Mwaga upande wa kina pampu ikizunguka. Pima baada ya saa 4, ndipo urudie kama bado.

Imeshuka chini ya 7.2? Gramu 250 za soda ash, zilizoyeyushwa kwenye ndoo, kisha pima vilevile.

Kama pH inaruka kama panzi, leo 7.0 kesho 8, angalia alkalini. Ikiwa chini ya 80, hapo ndipo baking soda inapoingia: gramu 800 hupandisha alkalini kwa 10 hivi kwenye bwawa letu. Usitie zaidi ya kilo mbili kwa siku.

Hatua ya 9: Klorini, jioni

Hesabu ni nyepesi. Chukua lita zako kwa maelfu, zidisha kwa ppm unazotaka kuongeza, gawa kwa 0.65. Bwawa letu, kuongeza 2: 48 × 2 ÷ 0.65, ni gramu 148. Sema 150. Hicho ndicho kipimo chetu cha kawaida cha jioni wakati wa joto. Juni na Julai hushuka hata 100.

Kwa nini jioni? Jua la mchana huila klorini isiyo na kikinga ndani ya saa chache. Ukitia saa nane mchana umelisha mawingu. Yeyusha kwenye ndoo ya maji, koroga, acha dakika kumi vitulie, mwaga yale ya juu kuzunguka bwawa lote. Masimbi meupe yaliyobaki chini ya ndoo ni chokaa, usiyamwage kwenye vigae.

Vile vidonge vya kuelea ni vizuri ukisafiri, ila vina asidi ya sayanuriki ndani yake, na kila kidonge kinaiongeza. Ikivuka 80 au 100, klorini inakuwa kama imefungwa kamba: kipimo kinasema ipo, mwani unaota. Hakuna dawa ya kuitoa, ni kumwaga sehemu ya maji na kuweka mapya.

Je, ile ya maji ya kufulia nguo nyeupe? Inafanya kazi, ni klorini pia. Lakini yenye asilimia 3.5 itakubidi utie karibu lita tatu kila jioni. Na ukikosea ukachukua yenye manukato au sabuni, utaogelea kwenye povu.

Mrututu je? Unaua mwani kweli, sibishi, na wazee wengi wa kazi hii waliutumia. Mimi niliacha baada ya kuona ngazi nyeupe zimeota madoa ya samawati ambayo hayakutoka tena, na mgeni mwenye nywele za rangi ya dhahabu akitoka majini zimegeuka kijani. Mrututu una shaba, na shaba ikishaingia haiondoki kwa jua kama klorini.

Hatua ya 10: Kushtua maji

Mara moja kwa wiki mbili, au baada ya sherehe ya watoto ishirini, au mvua kubwa, pandisha klorini hadi 10. Bwawa letu: 48 × 10 ÷ 0.65, kama gramu 740. Shusha pH hadi 7.2 kwanza, tia jua likizama, pampu iende usiku kucha, mtu asiingie mpaka klorini irudi 3 au chini ya hapo.

Maji yanatoka wapi?

Kama unajaza kwa maji ya bomba, ruka sehemu hii. Kama ni kisima, na pwani wengi ni kisima, fanya jaribio hili kabla ya kutia lita hata moja bwawani. Jaza ndoo nyeupe maji ya kisima, tia kijiko cha chai cha klorini, koroga, funika, lala. Asubuhi ukikuta maji yamekuwa rangi ya chai na vumbi la kahawia chini, kisima chako kina chuma. Klorini imekitoa mafichoni. Maji kama hayo yapitishe kwenye tangi, yashtue humo, yatulie siku mbili, ndipo utumie ya juu. Ukiyaleta bwawani moja kwa moja, siku ya kwanza utasema yanang'aa, na usiku wa kwanza wa klorini yatageuka kutu mbele ya macho yako.

Maji ya kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi pia. Ndiyo ule ukoko mweupe kwenye mstari wa maji. Usugue kila wiki kwa siki na sifongo gumu ukiwa mpya. Ukikomaa utahitaji jiwe la kusugulia na jioni nzima.

Ukiona hivi

*Kijani, sakafu haionekani, kuta zinateleza.* Ni mwani. pH 7.2, klorini hadi 10, brashi asubuhi na jioni, pampu saa 24. Pima kila jioni na urudishe 10 ikishuka. Filta itaziba upesi, osha kila geji ikipanda. Siku ya pili au ya tatu kijani kitageuka kijivu kama maji ya kuoshea mchele. Usikate tamaa hapo, mwani umekufa. Kilichobaki ni maiti zake.

*Kijani, lakini sakafu inaonekana vizuri.* Huo si mwani, ni madini: chuma cha kisimani au shaba ya mrututu. Klorini zaidi itaharibu. Tumia shabu.

*Kijivu au maziwa.* Kwanza mpe filta siku mbili. Ikishindikana, shabu: gramu 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo 2.4 kwa bwawa letu. pH iwe karibu 7.6, maana shabu huishusha. Ponda, yeyusha kwenye ndoo, mwaga kote. Valvu iwe RECIRCULATE kwa saa mbili ili isiingie kwenye mchanga, kisha zima kila kitu usiku. Asubuhi utakuta blanketi jeupe sakafuni na maji juu yake kama kioo. Linyonye kwa WASTE, polepole kuliko ulivyowahi kwenda. Mtu asiruke ndani kabla hujamaliza. Niliwahi kumwona mtoto akiharibu kazi ya usiku mzima kwa ruko moja.

*Macho yanawaka na harufu kali ya klorini.* Hapa ndipo kila mtu hupunguza klorini, na ni kinyume. Harufu hiyo ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Maji yenye klorini safi ya kutosha karibu hayanuki. Pima pH, kisha shtua. Na waambie watoto waende msalani na wajimwagie maji kabla ya kuingia, hiyo ni nusu ya dawa.

*Mapovu kwenye tundu la maji yanayorudi.* Pampu inavuta hewa. Angalia kama maji yameshuka chini ya nusu ya skima, halafu oringi, ule mpira wa duara wa kifuniko cha pampu. Ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando huilegeza raba.

*Mchanga unarudi bwawani.* Vidole vya plastiki vilivyo chini ya filta vimevunjika. Huo ni wito wa fundi.

*Umesafiri mwezi mzima, umekuta dimbwi la vyura.* Usilimwage lote. Ardhi ikiwa na maji karibu, kama Msasani au Kigamboni wakati wa masika, bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na kupasuka. Opoa, shtua, tia shabu, nyonya. Usiliache hivyo "mpaka nipate nafasi" pia, maana maji yaliyolala ni kitalu cha mbu, na Dar imeshaona homa ya dengi ya 2014 na ya 2019. Lango la uzio nalo lifungwe. Mtoto akizama kwenye maji ya kijani hakuna atakayemwona.

*Maji yanapungua kila siku.* Pwani kwenye jua, nusu sentimita kwa siku huenda na hewa, zaidi kidogo wakati wa upepo wa kusi. Kuthibitisha, weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya kwanza, iwekee jiwe, na maji ya ndani ya ndoo yalingane na ya bwawa. Weka alama ndani na nje. Ngoja saa 24, pampu ikienda kama kawaida, bila mtu kuogelea. Yakishuka sawasawa, ni jua. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, rudia siku ya pili pampu ikiwa imezimwa. Ikipungua tu wakati pampu inakwenda, uvujaji uko kwenye mabomba ya kurudisha au kwenye ile gasketi ya valvu. Ikipungua hata ikiwa imezimwa, anza kutafuta kwenye taa na pembeni mwa skima, kwa kudondosha tone la wino karibu na ufa na kutazama linakoelekea.